Kichwa Kilichotoka Korongoni

Maramba,
9 Juni 1954

Mdogo wangu Methusela,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani. Masika yamekwisha, mahindi yamebeba vizuri, na nyani wameanza kushuka kutoka msituni kama kila mwaka. Mwaka huu hakuna wa kuwafukuza, kwa hiyo safu mbili za juu nimewaachia.

Shangazi Bertha alirudi Mlalo juma lililopita. Alikaa nami tangu tulipomzika baba, karibu miezi mitatu, na siku ya kuondoka alilia kuliko siku ya msiba. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nikarudi nyumbani, nikatoa ufunguo. Hapo nikagundua sijawahi kuufungua mlango huu kutoka nje. Siku zote kulikuwa na mtu ndani.

Anwani yako nimepewa na mwinjilisti, maana ulimwandikia yeye kumwomba cheti chako cha ubatizo. Mimi hukuniandikia.

Sikugombezi. Uliondoka siku ya sita baada ya maziko, ukapanda lori la yule Mzungu wa mawe pamoja na masanduku yake, na wazee wa Mlalo wangali wamekaa kwenye mikeka. Niliwaambia umeitwa kazini. Sikujua kama ni kweli.

Nataka kujua mambo mawili tu. La kwanza, unakula nini, na nguo zako zinafuliwa na nani. La pili, baba alisema nini pale korongoni? Wewe ulikuwapo. Watu wananiuliza nami sina la kuwajibu. Nilichokiona ni lori limesimama uani, baba amefunikwa turubai, na wewe umesimama nyuma yake hunitazami.

Mimi dada yako,
Yudith Noa


Dodoma,
4 Julai 1954

Dada Yudith, shikamoo.

Barua yako imenifikia baada ya majuma mawili na nusu. Nimefurahi kusikia u mzima. Mgongo upake mafuta ya nazi yenye moto kidogo, kama alivyokuwa akifanya mama.

Mimi sijambo. Nimepanga chumba karibu na stesheni. Nakula uji wa mtama na mlenda, nimeshauzoea. Nafua mwenyewe Jumamosi. Nchi hii ni kavu, dada. Upepo unapuliza vumbi tangu asubuhi, na ukianika shati linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili. Kanisa letu halipo hapa. Naenda kwa Waanglikana, lakini nyimbo zao nyingi sizijui, nasimama tu nimeshika kitabu.

Kazi yangu nitakueleza, maana najua watu wa huko wanasema Bwana Omsbi, huyo Mzungu wa mawe, alikuja kutafuta dhahabu. Hakutafuta dhahabu. Unayakumbuka yale mawe meusi ya korongo la chini ya njia ya Duga, yanayopasuka kama kurasa za kitabu? Januari, baba alipasua moja akakuta mifupa ndani, imegeuka jiwe. Alidhani ni kenge. Bwana alipoiona alivua kofia akakaa chini kwenye mchanga.

Si kenge. Ni mnyama wa namna ya chura na viluwiluwi, ambaye alizaliwa majini kisha akatoka kwenda kuishi nchi kavu. Si kwamba alikaa ukingoni akirukaruka kama chura. Alikuwa mtu wa nchi kavu hasa, ana miguu minene, na juu ya uti wa mgongo ana vibamba vya mfupa vimepangana kama vigae vya bomani. Urefu wake ni kama mkono wangu toka bega hadi vidole. Bwana anasema ameishi miaka milioni mia mbili iliyopita. Nilimwomba arudie hesabu hiyo, akarudia.

Nakaa mezani tangu saa mbili asubuhi, nina sindano, brashi na kioo cha kukuzia. Naondoa udongo punje kwa punje. Mwili umekwisha, na miguu mitatu. Sasa nashughulikia kichwa. Kimeshikwa na donge gumu sana.

Kuhusu lile uliloniuliza, nilikwisha sema siku ile: ukingo ulianguka, ikawa basi.

Nisalimie mwinjilisti na majirani.

Mdogo wako,
Methusela


Maramba,
22 Agosti 1954

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Ina ukurasa na nusu wa mnyama na mstari mmoja wa baba.

Huku tu wazima. Tumevuna. Nimepata kazi ya kushona sare za shule, mashati arobaini, kwa hiyo mchana unapita haraka. Jioni ndiyo ndefu. Nimehamishia cherehani katika chumba cha baba kwa sababu dirisha lake linapata mwanga. Kwanza niliogopa watu watasema. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna anayeingia.

Nilimweleza mwinjilisti habari za mnyama wako. Alifikiri sana, akasema Mungu hakutuandikia kila kitu alichokiumba. Kisha akauliza swali nililolipenda: kama alizaliwa majini akahamia nchi kavu, je, alirudi majini tena? Nami nakuuliza.

Uweso, aliyekuwa akichimba nanyi korongoni, alifika hapa Jumatano. Aliniletea nazi na samaki wakavu kutoka kwao pwani. Anasema tangu siku ile hajashika tena jembe la kuchimbia mawe. Amerudi kwenye minazi ya babu yake. Tulikaa uani tukazungumza habari za baba hadi jua likatua.

Andika.

Dada yako,
Yudith


Dodoma,
19 Septemba 1954

Dada Yudith, shikamoo.

Natumaini mashati yamekwisha na umepumzika. Mimi sijambo, ila macho yanawaka jioni. Bwana amenipa dawa ya matone.

Mwambie mwinjilisti kwamba alirudi. Ilimlazimu. Mayai yake hayakuwa na ganda, yangekauka juani, kwa hiyo hata awe ametembea mbali namna gani katika nchi kavu, siku za kutaga alirudi kwenye maji aliyozaliwa au maji mengine. Bwana anadhani huyu wetu alifia njiani, ama akienda ama akitoka, katika bwawa lililokuwa linakauka. Hajui ni lipi kati ya hayo.

Nilimuuliza kama vyura wa leo ni wajukuu wake. Akasema hapana. Vyura ni wa ukoo mwingine, labda binamu wa mbali sana. Ukoo wa huyu ulikwisha wote. Hakubaki hata mmoja wa kuacha mtoto. Alisema hivyo huku akikoroga chai, akaenda zake, nami nikabaki na kichwa chake mbele yangu. Jicho moja limekwisha kufunguka, yaani tundu la jicho. Siku ile sikuweza kuendelea. Niliosha brashi nikarudi chumbani saa tisa mchana, na wenye nyumba wakaniuliza kama naumwa.

Dada, umesema ulizungumza na Uweso hadi jua likatua. Uweso alisema nini?

Nimekutumia mita nne za kitambaa cha maua kwa mkono wa dereva anayekwenda Korogwe. Atakiacha kwa mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni.

Methusela


Dodoma,
14 Novemba 1954

Dada Yudith, shikamoo.

Sijapata jibu la barua yangu ya Septemba. Labda imepotea. Nilikwenda posta kila Ijumaa, sasa karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kichwa kimetoka chote. Kilinichukua miezi mitano. Ni kipana, bapa, meno yake madogo kama ya msumeno. Bwana alipokiona alinipa mkono mbele ya makarani wote, akasema hata Ulaya hakuna aliyesafisha vizuri hivi. Nilipofika chumbani nilitaka kumweleza mtu. Nilikaa kitandani nikavua viatu.

Krismasi tunapewa siku kumi. Nauli ninayo. Lakini kuna kazi ya kuandika namba kwenye mifupa, kwa hiyo nadhani sitakuja.

Kama kitambaa hakikukufaa rangi, niambie.

Methusela


Maramba,
2 Januari 1955

Methusela,

Barua zako zote mbili nilizipata, na kitambaa nilikipata. Kipo sandukuni. Sijakikata.

Krismasi nimeila peke yangu. Jirani alinialika nikasema nina wageni. Nilipika wali, nikapakua sahani moja, nikakumbuka kwamba baba ndiye aliyekuwa akitukumbusha kuomba kabla ya kula, na kwamba bila yeye nimekula miezi yote hii bila kuomba. Nikaomba. Wali ukapoa.

Baba mdogo ameandika kutoka Mlalo. Tarehe kumi na sita Machi, mwaka ukitimia, watateremka wote kuja kulijengea kaburi. Ananiuliza kama utakuwapo. Nimemjibu kwamba hutakuwapo. Nimejibu hivyo kwa sababu mtu aliyeacha nauli yake mfukoni siku ya Krismasi hawezi kuja Machi.

Unauliza Uweso alisema nini. Alinieleza alichokiona kwa macho yake. Tangu Agosti nimekaa na neno lake humu ndani kama mtu aliyefungiwa na nyoka. Sitakuandikia neno hilo. Kama si kweli, wewe utanieleza yaliyo kweli. Kama ni kweli, wewe ndiye mwenye kulisema, si mimi.

Usiniandikie tena habari za mnyama.

Yudith


Dodoma,
6 Februari 1955

Dada Yudith, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kichwa kile kimefungwa katika sanduku la mbao, kimezungushiwa pamba, na juzi kimepelekwa Dar es Salaam kungoja meli ya Ulaya. Meza yangu ni tupu. Sina tena kitu cha kuinamia, kwa hiyo nitaandika.

Siku ile baba hakutaka kuchimba. Mvua ilikuwa imenyesha, ukingo umelowa. Aliubonyeza kwa kidole, kidole kikaingia chote. Akasema tuache, upate jua la siku tatu. Nami nikasema Bwana anaondoka kesho kutwa, na leo kichwa lazima kitoke.

Baba akauliza, "Lazima kwa nani?"

Ndipo nikamwambia jambo nililokuwa nimemficha. Bwana aliniahidi kwamba nikimpatia kichwa atanichukua Dodoma, atanifundisha kazi. Nilikuwa nimechoka na Maramba, dada. Nilikuwa nimechoka na mkonge na mahindi na kuitwa mtoto wa mzee Noa. Sikuwa nimekwambia hata wewe.

Baba akavua shati, akalitundika kwenye kichaka. Akasema, "Kumbe unataka kuondoka." Nikasema ndiyo.

Nikaingia shimoni mimi. Nilichimba labda nusu saa, nikauona mfupa wa shingo unaingia ndani ya donge. Uweso alikuwa ameshuka kuteka maji. Baba alinishika bega akasema, "Toka wewe. Una haraka, utalivunja jiwe. Nipishe mimi." Nikatoka. Nilidhani kweli anahofia jiwe. Nimekuja kufahamu nikiwa hapa Dodoma. Baba hakujali mawe. Aliniona nimesimama chini ya ukingo uliolowa, na alijua sitatoka kwa kuambiwa ni hatari.

Ukingo haukupiga kelele. Ulikuwa kama gunia linalotuliwa chini. Nilipotazama, shimo halikuwapo. Na donge moja liliviringika hadi miguuni pangu, limepasuka, na ndani yake niliona taya na meno.

Dada, niliinama nikaliokota. Baba alikuwa chini ya udongo, na mimi niliokota jiwe, nikalipangusa kwa kidole gumba nione kama limevunjika. Pumzi mbili, labda tatu. Sijui kwa nini mikono yangu ilifanya hivyo. Uweso alitokea akanikuta nimelishika. Alipiga ukelele, ndipo nikalitupa majanini, nikaanza kuchimba kwa mikono.

Hilo ndilo aliloliona Uweso, na ni kweli.

Tulipofika usoni alikuwa hai. Nilikwambia alikufa papo hapo, nilisema uongo. Alikuwa ameelekea ukutani, hawezi kugeuza shingo wala kutuona. Akasema, "Methu, umetoka?"

Nikasema, "Nimetoka, baba."

Akasema, "Haya."

Hakusema tena. Alikufa kabla lori halijafika. Sijui aliuliza kama nimetoka shimoni, au kama nimekwisha ondoka kwenda zangu. Nimefikiri yote mawili kila siku kwa miezi kumi na moja.

Bwana alikuja, akamfunika baba kwa turubai yeye mwenyewe, akalia. Kisha akaliona lile donge kwenye majani. Akaniuliza kwa macho, nami nikainamisha kichwa. Likaingia lorini pamoja na baba. Watu walipokuwa wanakuja kunipa pole pale uani, mimi nilijua limekaa wapi.

Nimelisafisha kwa sindano miezi mitano kwa sababu nilidhani likiwa safi kabisa nitaweza kukutazama. Limekuwa safi. Wazungu wanalisifu. Mimi niko palepale.

Siombi kitu. Wewe uliuliza alisema nini. Alisema hivyo.

Methusela


Maramba,
27 Februari 1955

Mdogo wangu Methusela,

Barua yako ilinikuta nimepiga magoti sakafuni nakata gauni la bibi harusi. Niliisoma hapohapo, vipande vya kitambaa vimenizunguka, na mwenye gauni alipokuja kupima nilimwambia naumwa, arudi kesho.

Siku iliyofuata nilipanda basi hadi Tanga, kisha jingine hadi Tongoni kwa Uweso. Sikujua njia, niliuliza. Nilimkuta anafua nazi. Nilimsomea barua yako yote, tumekaa kwenye makumbi, mkewe Mastura akasimama mlangoni akisikiliza. Nilipofika pale baba alipokushika bega, Uweso aliweka chini nazi aliyoishika. Akasema hakujua. Alikuwa mtoni. Aliporudi alimkuta baba amefukiwa na wewe una jiwe mkononi, na mwaka mzima ameamini kwamba wewe ndiye uliyemsukuma mzee aingie, kisha ukajali jiwe kwanza. Na mimi niliamini hivyo, kwa sababu yake. Alilia. Mkewe alitupa chai, tukanywa, nikarudi.

Nikiwa ndani ya basi nilijaribu zile pumzi zako. Nilivuta moja, nikaitoa. Nikavuta ya pili, nikaitoa. Ya tatu. Ni muda mfupi, Methusela. Nilivuta tena, nikaona ni muda mrefu sana. Sikupata jibu, na basi lilikuwa limefika.

Unauliza baba alikuwa na maana gani. Mimi nilikaa naye miaka mitano tangu nilipofiwa na mume wangu, na nitakwambia. Baba alipotaka kujua kama mtu amesafiri alisema "ameondoka". Hata lile neno alilokwambia kabla hajaingia shimoni ni hilo. "Kutoka" kwake kulikuwa ni kutoka mlangoni, kutoka shambani, kutoka shimoni. Alitaka kujua kama uko juu. Ukamwambia uko juu. Akasema haya. Basi. Hilo usilifikirie tena.

Lile jingine lifikirie. Sijakusamehe. Naandika hivyo ili usije ukidhani mambo yamekwisha kwa sababu umeyasema. Nimeomba, na bado. Nikikumbuka ulivyosimama nyuma ya lori, siwezi kutunga uzi kwenye sindano.

Lakini nimemwandikia baba mdogo mara ya pili, nikamwambia utakuwapo. Fundi wa kaburi amekwisha kuleta mawe, meupe, ya pwani. Wazee watateremka tarehe kumi na nne, siku mbili kabla. Wakikuuliza kwa nini uliondoka siku ya sita, utawajibu mwenyewe, sitakujibia tena.

Chukua gari moshi hadi Morogoro, kisha basi hadi Korogwe, kisha gari moshi tena. Ukifika Tanga, basi la Maramba linaondoka saa nane mchana. Usiniletee kitu. Nitakuwa kituoni.

Nimekuwa na hasira hii peke yangu tangu Agosti, katika nyumba ambayo haiingii mtu, na nimechoka kuila mimi na kuta. Nataka ukae mezani hapa, nikupakulie, nikukasirikie huku unaniona.

Dada yako,
Yudith Noa